Mgono Uliobaki Mtoni

Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1984. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, lakini jua halikutoka. Ukungu ulikuwa umeulalia mji wa Goma hata mlima Nyiragongo haukuonekana, na mawe meusi ya uani mwa hospitali yalikuwa yanachuruzika maji.

Sikuli alisimama nje ya wodi ya wajawazito, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa Butembo, aliyekuja huku kama mpakiaji wa mizigo kwenye kamyo, akaoa kando ya ziwa na kujifunza uvuvi ukubwani. Ndani ya wodi alilala mke wake Nsimire, miguu imevimba, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa tisa.

Mwuguzi alitoka akijifuta mikono. Kwenye koti lake kulishonwa jina la Kiafrika aliloagizwa na serikali kulitumia, lakini wagonjwa wote walimwita kwa jina lake la ubatizo, Papa Adalbert.

"Papa Sikuli, nitakuambia ukweli, maana uongo hautibu mutu," alisema. "Mama hana damu. Vidonge vya damu vimeisha, na kamyo ya dawa haijafika. Mutoto anaweza kuja leo, anaweza kuja kesho. Akimkuta mama hivi alivyo, nguvu ya kusukuma itatoka wapi?"

"Nifanye nini, munganga?"

"Umulishe. Si mihogo, si chai. Samaki, maini, nyama. Haitamurudishia damu yote, lakini itamusimamisha. Leo, Papa. Usiniambie juma lijalo. Na uombe."

"Kuomba naomba," Sikuli alijibu, akavaa kofia yake.

Alikwenda sokoni. Nyama ilining'inia pale kwa ajili ya wenye maduka. Mfukoni mwake hakukuwa na kitu cha kununulia hata mkia. Upande wa samaki meza zilikuwa tupu. Mwezi ulikuwa mpevu tangu juzi, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, hukaa nyumbani, kwa sababu samaki hawaifuati taa wakati anga lote ni taa. Mama mmoja aliyekuwa akifuta meza yake alimcheka.

"Unatafuta samaki na mwezi huu? Nenda ukamwambie mwezi ushuke!"

Sikuli hakucheka. Alijua samaki walipo. Alijua kuliko mtu yeyote katika soko lile.

Kijijini kwa mkewe, ukiupita mji mdogo wa Sake, mto mdogo wa Kashovu huingia ziwani. Wako samaki wenye sharubu na magamba mapana wanaokaa ziwani mwaka mzima, lakini mvua kubwa za kwanza zikiugeuza mto kuwa mwekundu, hupanda kwenda kutaga mayai juu kwenye changarawe. Wakati huo wanakuja wengi, wamejaa mayai, wala hawaogopi kitu. Mtoto angeweza kuwakamata kwa kikapu. Kwa hiyo watu wa pale huufunga mto. Mzee Buhendwa, baba yake Nsimire, huchomeka tete kwenye mlango wa mto, na juu yake hufungwa fundo la kamba ya mgomba. Kwa siku kumi na nne hakuna anayeweka mtego wa mgono wala wavu. Na fundo lile halifungwi na yeyote tu. Hulifunga mwanaume ambaye mke wake ana mimba, maana nyumba yake na mto viko katika hali moja.

Mwaka huu fundo lilifungwa na Sikuli. Yeye, mtu wa kuja, aliingia majini mbele ya kijiji kizima na kufunga kwa mikono yake miwili, na wanawake wakapiga vigelegele. Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita.

Alisimama kando ya barabara akisali. Mungu wangu, ukimwokoa Nsimire, sitakunywa pombe tena. Ukimwokoa, nitakwenda misa ya alfajiri kila siku. Ukimwokoa, chochote utakachotaka. Kamyo iliyokuwa ikienda Sake na mbele yake ikasimama, naye akapanda.

Alifika Kashovu saa tisa alasiri. Alipita nyuma ya migomba, akachukua mgono wake chini ya paa la nyumba yake na kupanda mpaka juu ya daraja, mahali mto unapobanwa na mawe mawili. Aliwaza kwenda kwanza kwa baba mkwe. Angesema nini? Mimi niliyepewa heshima, naomba ruhusa ya kuivunja? Mgeni aliyekwisha kupewa kiti huona haya kuomba mkeka.

Akautega mgono ule wa matete, mdomo ukitazama ziwani, akaziba kwa mawe pande zote mbili ili maji yabaki na njia moja tu. Hakungoja sana. Mgono ulitikisika, ukatikisika tena. Aliingiza mkono, akatoa samaki mmoja mnene kama paja la mtoto, na alipombana kidogo tumboni mayai ya manjano yalitoka yakamtiririkia vidoleni. Akayafuta haraka kwenye suruali kama mwizi anayefuta damu.

Mmoja tu, alijisemea. Bwana, umeona ni mmoja tu.

Wakati huohuo honi ya kamyo ililia darajani, kamyo ya mwisho ya kurudi Goma. Mgono ulikuwa umeshikwa na mawe. Kuung'oa kungechukua muda, na kuonekana nao barabarani kungemfichua. Alimfunga samaki katika jani la mgomba, akakimbia. Nitarudi kesho kuutoa, alisema moyoni. Mgono ukabaki mtoni.

Goma alifika giza linaingia. Nyuma ya hospitali, chini ya paa la bati, wanawake walikuwa wakiwapikia wagonjwa wao. Kasoki, mwanamke wa Butembo aliyekuja kutoka mtaa wa Majengo kumwangalia dada yake, alimpokea ule mzigo kwa mikono miwili.

"Yee, Sikuli! Mutoto wa kwetu Butembo, na mwezi huu umepata samaki!" Akapasua tumbo la samaki, akapiga yowe la furaha. "Na mayai! Mama Nsimire, sikia, bwana yako amekuletea samaki na ukoo wake wote!"

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nsimire alisikia. Sikuli alipoingia na sahani, alimkuta ameinuka kwenye kiwiko, macho makubwa katika uso uliokonda.

"Samaki eko na mayai," alisema polepole. "Ametoka wapi?"

"Kula kwanza, mama."

"Nimezaliwa ku mlango wa mto, Sikuli. Usinifiche. Fundo ni weye ulilifunga."

Alianguka magotini kando ya kitanda. Akamwambia yote: maneno ya Papa Adalbert, soko tupu, mawe mawili. "Nilikuwa nifanye nini? Niketi hapa nikuangalie unazimika? Kula, nakuomba. Dhambi ni yangu. Nitaijibu mimi."

Nsimire aliitazama sahani. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono, akala. Alikula kila kitu, nyama na mayai, akitafuna kwa shida, huku machozi yakidondoka sahanini.

"Mutoto wangu hana kosa," alisema alipomaliza. "Nimekula kwa ajili yake. Na mgono uko wapi?"

Sikuli aliinamia sahani, akakusanya miiba.

"Sikuli. Mgono?"

"Uko majini. Kamyo ilipiga honi. Kesho..."

"Umeziba pande zote?"

"Nimeziba."

Nsimire alifumba macho. "Basi huyu mmoja nimemula mimi. Wale wengine wanamufia nani?"

Aligeukia ukutani. Kasoki aliingia akaondoa sahani.

Hakukuwa na gari la kwenda upande ule mpaka asubuhi. Sikuli alikesha barazani na rozari, lakini kila alipoanza kusema ukimwokoa, alisikia mgono ukitikisika.

Kulipopambazuka Papa Adalbert alimwambia uchungu umeanza. "Kaa karibu," alimshauri.

Sikuli aliingia kuaga. Hakujua aage namna gani. Nsimire alikuwa ameuma kona ya shuka. Akaiachia, akasema maneno mawili tu: "Nenda. Ufungue."

Kamyo ilimshusha darajani saa tatu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, na kijiji chote kilikuwa pale kwa majembe, kikisafisha mitaro kama serikali inavyoagiza. Lakini hakuna aliyekuwa akilima. Mgono wake ulikuwa umekokotwa ukingoni, umejaa mpaka mdomoni. Samaki walikuwa wamebanana humo, wamekufa kwa kukosa maji ya kupita matamvuani, matumbo yamepasuka kwa kusukumana. Mayai yalikuwa yametapakaa juu ya mawe kama mtama uliomwagika, na kuku wa nyumba ya jirani walikuwa wakiyadonoa.

Katikati ya watu alishikwa Harelimana, mchungaji kutoka Masisi, ambaye ng'ombe wake hunywa maji juu ya daraja. Walikuwa wamemnyang'anya fimbo.

"Ni nani mwingine hupita hapa jioni?" kijana mmoja alifoka. "Hawa watu wa ng'ombe hawajui mto!"

"Ng'ombe yangu hali samaki," Harelimana alijibu, mdomo umevimba kwa kofi. "Na mimi sijui kusuka hata kikapu cha kuku. Angalieni mukono wa mutu aliyeufuma."

Mzee Buhendwa alikuwa ameketi kwenye jiwe, haangalii mtu. Ameshika lile tete lenye fundo.

Njia ilikuwepo. Sikuli aliiona waziwazi: angeweza kusimama kati ya watu, atikise kichwa, asikitike pamoja nao, kisha apande kamyo inayofuata kurudi kwa mkewe. Labda sasa hivi alikuwa anamwita. Labda alikuwa amekwisha kunyamaza. Alisikia miguu yake ikitembea kabla hajaamua.

"Mumuache," alisema. "Mgono ni wangu."

Kelele zilikatika. Hakungoja neno. Alipiga magoti kwenye matope, akaingiza mikono katika mgono, akawapekua wafu mmoja mmoja. Wanne walikuwa bado wanahema, chini kabisa, mahali palipobaki dimbwi. Aliwabeba kifuani, akaingia majini upande wa juu wa yale mawe mawili, akawashika vichwa vikitazama mkondo mpaka walipopata pumzi na kuponyoka. Akarudi akang'oa mawe aliyozibia, akayatupa mbali, kucha zikatoka damu.

Mzee Buhendwa alisimama. "Binti yangu?"

"Eko ku uchungu, Papa. Hana damu. Munganga alisema samaki, na soko lilikuwa tupu. Nilichukua mmoja. Amekula. Hawa wengine..." Hakuweza kumaliza.

Mzee alimtazama. Hasira ilikuwepo usoni mwake, lakini iliyomshinda ilikuwa huzuni.

"Mwanangu, nani alikuambia fundo halifunguki?" alisema. "Fundo hufunguka kwa mugonjwa. Ungekuja kwangu, ungeniomba mbele ya watu wawili, ningefungua kwa mukono huu. Tungechukua mmoja, tungefunga tena. Mama yake Nsimire mwenyewe alikula samaki wa mlango uliofungwa, wakati wa mimba ya huyu huyu. Kwa nini hukuomba?"

"Niliona haya, Papa. Mimi ni mutu wa kuja."

"Yee," alisema Harelimana, akijipangusa damu mdomoni. "Haya yako imenigharimu jino."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Hakuna mwingine aliyecheka.

Sikuli alimwendea, akaiokota fimbo yake na kumrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamwomba mzee lile tete. Fundo alilolifunga siku kumi zilizopita lilikuwa limelowa na kukaza. Aliingia nalo mtoni mpaka kiunoni, akalichomeka tena kwenye mlango, akageuka akiwatazama wote, maji mekundu yakimpita pande zote mbili. Kutoka Goma hakuna habari iliyokuwa imefika. Akasema kwa sauti:

"Tangu jana namwambia Mungu: ukimwokoa mke wangu, nitafanya hiki na kile. Leo naacha kumuwekea Mungu masharti. Nsimire apone au asipone, mutoto alie au asilie, mimi sitaweka tena mgono katika mto huu mpaka nife. Na kila mwaka maji yakiwa mekundu, nitakaa hapa ku mlango siku zote kumi na nne, mvua inipige. Mwenye mugonjwa akipita kwa kujificha, nitamushika mukono nimupeleke kuomba, asione haya kama mimi. Ninyi wote ni mashahidi wangu, na weye Harelimana wa kwanza."