Rashasha Juu ya Paa

Kliki. Hiyo ni redio ya mama mkwe, upande wa pili wa pazia. Huiwasha kabla ya taa, eti habari hazihitaji mwanga. Nilikuwa gizani namfunika shuka binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa domo lake, nikamsikia mtangazaji akisema mwanamume mwenye bunduki ya rashasha, magazini imejaa, ameonekana jana juu ya paa la shule ya msingi.

"Mwanangu!" mama mkwe akapaza sauti. "Usiende kazini leo! Kwenye shule unayoezeka kuna jambazi juu ya paa!"

Mume wangu akakaa kitako, macho bado yamefumbwa. "Mama, juu ya lile paa niko peke yangu."

Nikamuuliza, "Jana ulizungumza na nani?"

"Kuna dada alinipiga picha kutoka barabarani. Akauliza nimeshika nini. Nikamwambia bunduki."

"Bunduki tu?"

"Sasa ningesema sufuria?"

"Ungesema bunduki ya misumari, baba Chiriku!"

"Misumari ya bati ilikuwa mdomoni, ningeongeaje? Kibarua wangu, aliyekuwa chini, ndiye aliyemalizia. Akasema magazini imejaa."

Na kweli, mafundi wanauita magazini, ule ukanda wa misumari unaoingizwa tumboni mwa mashine. Rashasha ndiyo iliyoongezwa njiani, kama chumvi.

Chai haijachemka, mwalimu mkuu akapiga simu. Wazazi wamejaa getini. Kazi isimame, na redio isiposahihisha leo, shule itatafuta fundi mwingine. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyopewa mume wangu kwa jina lake mwenyewe. Nikamwona anaikunja ovaroli niliyompigia pasi, taratibu, kama nguo ya marehemu.

"Ivae," nikamwambia. "Tunaenda redioni, mimi, wewe na Chiriku."

Studio ni kachumba kalikobandikwa zulia mpaka ukutani. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akatuweka hewani papo hapo. Nikamnong'oneza mume wangu ajibu kwa kifupi asije akajikanyaga. Laiti ningenyamaza.

"Fundi, ni kweli una bunduki?"

"Ninayo."

"Inapiga mfululizo?"

"Inategemea mkono."

Mtangazaji akasogeza kiti chake nyuma. "Na risasi?"

"Hii hapa," akasema mume wangu, akachomoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akaiinua juu kwa fahari. Wasikilizaji, bila shaka, hawakuiona.

Taa za simu zikawaka zote. Nikakivuta kipaza sauti. "Ni kalamu! Kalamu ya kuchorea mbao! Na hiyo bunduki inapiga misumari!"

"Aa! Kwa hiyo, dada, tuseme ni silaha iliyotengenezwa kienyeji?"

"Kaka, ni kifaa!"

"Cha kivita?"

"Cha useremala!"

Msikilizaji wa kwanza kupiga simu alikuwa mama mkwe. "Mnayemwita jambazi ni mwanangu. Huyo hajaua hata mende. Mende nawaua mimi."

"Kwa silaha gani, mama?"

"Kwa ndala! Itangaze na hiyo!"

Mtangazaji akacheka mpaka akaziba mdomo, halafu, kwa uungwana, akasahihisha: si rashasha, ni mashine ya kupigia misumari. Mume wangu akanibana mkono chini ya meza.

Simu ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu.

"Nimesikia," akasema. "Lakini wazazi hapa getini wameshika neno moja tu, rashasha. Mmoja ameniuliza kama ni rashasha ndogo au kubwa! Nitawaelezaje? Bora tuahirishe paa mpaka muhula ujao. Tusubiri watu wasahau."

"Mwalimu," mume wangu akasema, "nimebakiza upande mmoja tu."

"Fundi, nakuelewa. Lakini haraka ya nini?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikamtazama mtangazaji. Chiriku, ambaye anasoma darasa la kwanza shuleni pale pale, akapanda mapajani mwangu, akakisogeza kipaza sauti mdomoni kwa mikono miwili.

"Mwalimu, darasa letu linavuja."