Haya ya Kocha Gaskew

Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu niliiona kichwa chini miguu juu. Nilikuwa nimeinama juu ya mpira, ule wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, makalio hewani, na katikati ya miguu yangu niliona viatu vya Cleavon Battiste, nyuma yake ukingo wa uwanja, na pale ukingoni Kocha Gaskew, mikono mifukoni, kama mtu anayengoja mvua ikatike. Merriton kumi na nne, sisi kumi. Lilikuwa jaribio letu la nne na la mwisho, tunadaiwa yadi tatu, saa inakimbia. Tukizikosa, mpira wao, mchezo wao, na Kocha wetu hatapewa timu tena mpaka anaingia kaburini.

Mbele yangu aliinama Tutwiler wa Merriton, jitu zima, jasho linamchuruzika puani.

"Gunia," akaniita, maana Alabama nzima walikuwa wananiita hivyo, "leo nakuzika. Tena pole sana, kwa sababu kocha wenu hata sala ya mazishi hataimaliza."

Nilikuwa nimeonywa nisipepese hata jicho.

Jumapili ya wiki ileile, kocha wetu mkuu, Dandridge, alisimama kanisani mbele ya mchungaji akatuapia kwamba yeye na sisi ni mpaka mwisho. Dandridge alikuwa na ulimi wa asali. Angeweza kukuuzia viatu ulivyovaa, na asante ukampa. Jumanne asubuhi tuko bwaloni tunakunywa uji, redio ya jikoni ikatangaza kwamba ameshafika Ohio, amechukua timu ya chuo kikubwa. Hakuaga hata paka. Ofisini aliacha kalenda na kibanio cha tai. Na Jumamosi tulikuwa na Merriton, watu ambao chuo chetu, Tolliver, hakikuwa kimewafunga tangu mimi navaa kaptula.

Mkuu wa chuo, Dakta Pettiway, alitufuata chumba cha kubadilishia nguo. Akasema timu itashikwa na Kocha Gaskew. Mimi nikapiga kelele za furaha peke yangu.

"Kwa mchezo huu mmoja," akaongeza, akinikazia macho. "Kocha mkuu ndiye mdomo wa chuo, vijana. Anasema redioni, anasema makanisani, anasema na wahitimu wetu wenye uwezo. Kuna bwana mmoja wa Atlanta anakuja kututazama Jumamosi. Mkifungwa, Jumatatu namtambulisha kuwa kocha wenu."

"Na tukishinda, Dakta?"

"Mkishinda, tutazungumza."

Na Gaskew mwenyewe alikuwa palepale kwenye rafu ya mataulo, anasikia kila neno. Aliendelea kukunja mataulo. Roho iliniuma, kwa sababu huyu ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Sisi wa mstari wa mbele, wanene wa kazi ngumu, alikuwa ametulea miaka na miaka, na makocha wakuu walikuja wakapita huku yeye amerukwa. Si kwamba hakujua mpira. Alikuwa na kigugumizi, basi.

Na watu, kwa wema wao, walikuwa wanammalizia maneno. Kule bwaloni ilikuwa mchezo wa kuigiza kila siku. Kocha anafika na sahani, anaanza, "Ma-ma-ma..." na Mama Odessa wa jikoni, mwenye huruma kuliko malaika, anadakia, "Maharage! Haya shika, mwanangu," anamjazia maharage hadi pomoni. Kocha anashukuru kwa kichwa, anaenda kukaa, anayala moja moja kama dawa.

Jumatano yake, kabla ya mazoezi, Cleavon alipanda juu ya benchi. Cleavon ndiye aliyekuwa mrusha mpira wetu, na tena alikuwa kasuku: angeweza kukutolea mchungaji, Dakta Pettiway, hata shangazi yake mwenyewe akigombana na kuku. Siku hiyo akamtoa Kocha.

"Ha-haya, vi-vi-vijana!"

Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakashika ukuta. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kocha Gaskew alikuwa mlangoni, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Kicheko kikafa kipande kipande. Cleavon akageuka, akaruka chini kutoka benchini.

"Kocha, nilikuwa natania tu, haki ya Mungu..."

"Umekosea," Kocha akasema. "Mi-mimi sina ha mbili. Nina ha ta-tatu. Rudia."

"Kocha, tafadhali."

"Rudia."

Cleavon akarudia. Kocha akatikisa kichwa, akamrekebisha mahali pa kukwama, mahali pa kuvuta pumzi, akamrudisha mwanzo. Alipoipata sawasawa, tukahisi tuna Kocha wawili mle ndani. Hakuna aliyecheka. Ndipo akakaa benchini akatupa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Mtu akinisikia ni-nimekwama, hawezi kuvumilia. Mke wangu hawezi. Mchungaji hawezi. Mwili wake unaruka wenyewe uje kunimalizia." Akatutazama mmoja mmoja. "Ju-Jumamosi nataka Merriton waje kunimalizia."

Nikaelewa, nikasisimka mwili mzima. Neno letu la kuanzisha mchezo lilikuwa hilohilo: haya. Cleavon akisema haya, mimi namrushia mpira nyuma kati ya miguu, watu wanagongana. Mtu wa upande wa pili akivuka mstari kabla mpira haujatoka, mwamuzi anatusogeza mbele yadi tano za bure.

Tukaenda kujaribu. Wenzetu waliocheza upande wa Merriton, ambao walijua kila kitu, walivuka mstari wakaanguka kama sahani za rafu moja. Lakini na mimi pia nilianguka. Cleavon akisema ha ya kwanza tu, mkono wangu unaachia mpira. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Gunia," Kocha akasema, bila hasira. "Na we-wewe unanimalizia?"

Afadhali angenizaba kibao. Mimi niliyempenda kuliko wote, nilikuwa sawa na wote. Akaja akaniwekea kiganja mgongoni. "Zile ha si zako. Ni za-zangu, niachie. Wewe chako ni 'ya'." Tukarudia mpaka kiuno changu kikawaka moto, na kiganja chake hakikutoka mgongoni mpaka nilipojua kungoja.

"Ma-mara moja tu," akatuambia mwisho. "Nikishika koo."

Basi, Jumamosi. Mpaka robo ya mwisho tulikuwa tumeumia, tumevimba, tumepungukiwa, ila hatujavunjika. Bwana wa Atlanta alikuwa jukwaani kavaa koti la rangi ya ngamia, anapeana mikono na wahitimu kama mtu aliyeshahamia. Nami, kichwa chini miguu juu, nikamwona Kocha Gaskew anatoa mkono mmoja mfukoni, taratibu, anashika koo.

"Ha," Cleavon akaanza.

Vidole vya Tutwiler vikazama majanini.

"Ha... ha..."

Bendi ilikuwa imenyamaza. Nadhani uwanja mzima ulibana pumzi, kwa sababu sauti ile kila mtu pale aliijua. Mwili wangu ulitaka kuruka. Mikono iliwasha, mabega yaliwasha, nilitaka kumsaidia, jamani, nilitaka kumsaidia! Nikahisi kiganja mgongoni ambacho hakikuwepo. Nikangoja.

Tutwiler hakungoja. Alinidondokea kama kabati, na nyuma yake wakaja wawili wengine, wote mbiombio kumalizia neno lisilo lao. Nikalala chini yao nimeukumbatia mpira, haujatoka hata unywele. Kitambaa cha njano cha mwamuzi, ishara ya kosa, kikaruka.

"...ya," Cleavon akamalizia, kwa adabu zake zote.

"Ni nini ile?" Tutwiler akaniuliza, bado amenilalia.

"Sala ya mazishi," nikamwambia. "Na tumeimaliza."

Wakatusogeza yadi tano, tukapewa majaribio mapya, na mpira uliofuata Otha Lee, mkimbiaji wetu, alipita nao nyuma ya mgongo wangu mpaka ndani ya goli bila kuguswa. Pointi sita za goli, moja ya teke: kumi na saba kwa kumi na nne. Bendi ikalipuka, akina mama wakarusha kofia za kanisani, mchungaji akaruka uzio na suti yake nyeupe. Mimi nililia kama mtoto, na sioni haya kusema. Bwana wa Atlanta nilimwona mara ya mwisho akitafuta gari lake.

Dakta Pettiway akashuka uwanjani na mtu wa redio kando yake, kipaza sauti mkononi. Tulikuwa tumembeba Kocha mabegani, tukamshusha.

"Kocha Gaskew, wahitimu wanataka nikuulize hapahapa. Utakubali kuwa kocha wetu mkuu?"

"Si..." Kocha akasema. "Si... si..."

Uso wa Dakta ukaporomoka. Mtu wa redio akafungua kinywa amsaidie, na Cleavon, huyohuyo kasuku, akamshika mkono wa shati.

"Mngoje," akasema.

Tukangoja. Wachezaji, wahitimu, mchungaji, na watu wote waliokuwa majumbani wameinamia redio zao. Kocha hakuharakisha. Alisimama akachukua muda wake wote, muda ambao hatukuwa tumewahi kumpa.

"Si-sikatai."

Jioni tulikwenda bwaloni, kelele mpaka kwenye dari. Kocha akafika na sahani yake mbele ya sufuria.

"Ma," akasema. "Ma-ma..."

Mama Odessa tayari alikuwa amechota. Akatutazama sisi tuliokuwa nyuma ya Kocha, akaona hakuna anayepumua. Akarudisha maharage sufuriani, akafunga mdomo.

"...makaroni."

"Makaroni?" Mama Odessa akashika kifua. "Yesu wangu! Miaka yote hii?"

"Mi-miaka yote," Kocha akajibu, akasogeza sahani.