Kufuli la Zaina

Mtaa wa nyuma ya soko la samaki, hapa Bagamoyo, una wezi wasio na haya hata chembe. Wao hungoja msiba. Ukiona jeneza limetoka, jua kuna mlango unavunjwa, maana watu wote wamekwenda kuzika. Ndivyo Kuruthumu alivyoibiwa mwezi uliopita. Kufuli lilikatwa, godoro na jiko la gesi vikaenda. Cherehani ilinusurika kwa sababu siku ile ilikuwa kwa fundi. Tangu hapo mlango wake ukawa unafungwa kwa ndani tu, kwa gongo la mti. Kufuli jipya? Kwanza ale.

Jumanne asubuhi akaletewa habari kwamba Zaina amefariki. Kuruthumu akakaa palepale kizingitini, akalia. Zaina alikuwa shoga yake tangu walipochezwa unyago pamoja, na walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Zaina alikuwa na kovu kubwa la mafuta ya moto, kutoka kifuani hadi tumboni, nalo lilimtia aibu maisha yake yote.

"Wewe umeshaliona, shoga," alikuwa akisema. "Sitaki mwingine alione."

Kuruthumu akavaa baibui. Akaitazama cherehani yake. Uchochoro mzima ulikuwa kimya, wanawake wote wameshakwenda msibani, na pale kona wanaume wawili asiowajua wamekalia ndoo, wanaangalia milango. Akatoka, akarudi, akatoka tena. Mashine ile ndiyo unga, ndiyo kodi ya chumba, na yeye hana mume wala mtoto. Afanyeje, jamani? Mwisho akaamua kukifungua kichwa cha cherehani aende nacho. Skrubu zimeshika kutu. Akahangaika nazo kwa kisu cha jikoni hadi vidole vikachubuka, na saa zinakwenda.

Alifika msibani na chuma kile kichwani, kimefungwa kanga. Wanawake wakamtazama, kisha wakatazama chini. Mwanvita, binti wa marehemu, akamshika mkono.

"Mama mdogo, tumekungoja sana. Wakasema maiti haicheleweshwi."

"Nani kamwosha?"

"Wanawake wawili waliletwa kutoka mtaa wa pili. Hata majina yao siyajui."

Kuruthumu akautua mzigo wake chini, akalia kwa sauti mpaka wakubwa wakamkanya. Lile kovu limeshaonekana, na halifichiki tena.

Jeneza lilipokwisha kuondoka, Mwanvita akashtuka kama aliyekumbuka kitu. Akaingia chumbani kwa mama yake, akarudi na kufuli kubwa la shaba na funguo zake mbili.

"Mama aliniagiza juzi. Alisema, mpelekee Kuruthumu kufuli langu mapema, mlango wake haufungiki, asije akashindwa kuja kuniosha." Akamnyooshea lile kufuli. "Nikasahau, mama mdogo. Kwa kuuguza, nikasahau."

Kuruthumu hakumlaumu. Utamlaumu vipi mtoto aliyefiwa asubuhi ile? Akampa pole, akalipokea kufuli, akajitwika chuma chake na kurudi nyumbani.

Alipolitia mlangoni, likafunga barabara. Akalivuta kwa nguvu zake zote, halikutikisika. Sasa angeweza kutoka siku yoyote, saa yoyote. Akasimama pale nje na ufunguo mkononi, na mahali pekee alipozoea kwenda ni kwa Zaina.