Chama cha Kibodi Mbovu

Ajenda ilikuwa moja tu, na niliiandika mwenyewe: kuvunja chama. Mimi ni mpiga chapa mstaafu, katibu wa Chama cha Kompyuta, na nilikuwa nimechoka kufagia chumba cha nyuma ya maktaba kila Jumamosi ili watu watano waje kupiga soga. Siku hizi mtu akikwama anaiuliza simu yake, nayo inamjibu kabla hajakaa vizuri. Sisi wa nini?

"Wanaoafiki wanyooshe mikono," alisema mwenyekiti wetu, fundi redio, kwa unyonge.

Wangu ulikuwa umeshafika juu mlango uliposukumwa. Aliingia Binti Bomba, ovaroli limelowa hadi magotini, kompyuta ya baba yake kwapani. Baba yake alikuwa fundi bomba na mwenzetu tangu chama kinaanzishwa. Tulimzika mwezi uliopita. Binti amerithi kazi, na mabomba yote ya mji yamemwangukia yeye.

"Shikamoo shangazi. Shikamooni wote. Nisaidieni jamani, nimekwama." Hakungoja tuitikie. "Bomba limepasuka chini ya wodi ya wazazi. Tangu asubuhi kina mama wanajifungua bila tone la maji. Nikiipata koki ya kulifunga, natengeneza kwa saa moja. Lakini imefukiwa, na ramani ya baba iko humu."

"Nenosiri hukupewa?" nikamuuliza.

"Alinipa. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akaniambia: kokikuu, neno moja, herufi ndogo. Linakataa. Nimeuliza simu, nimeuliza mafundi wa dukani, wote wanasema nifute kila kitu nianze upya." Akaiweka kompyuta mezani. "Labda akili ilikuwa imeshamwacha, shangazi. Labda hata hakujua anaongea na nani."

Nadhani hilo lilimuuma kuliko bomba. Akaliandika lile neno tena mbele yetu. Niliona kidole chake kikigonga K, nikasimama.

"Hebu nipishe," nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Kompyuta ya kwanza ya chama ililetwa na kibodi ambayo K yake ilikuwa imekufa. Tuliitumia hivyo hivyo miaka mitatu. Tukaiajiri Q, ambayo katika Kiswahili haina kazi yoyote, inakaa tu pembeni kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Tuliandika qaribu, tuliandika qesho, na vidole vikazoea. Tulipopata kibodi nzima, tukaapa kwa mzaha kwamba nenosiri la mwanachama halitaiona K milele. Mdomoni K, vidoleni Q. Simu haikukaa na sisi mbele ya kibodi ile, ingejuaje?

Niliandika: qoqiquu.

Ikafunguka.

Sina maneno ya kutosha kwa tulichokiona. Mji mzima ulikuwa mle, lakini mji wa chini: kila bomba, kila kona, kina chake na mwaka lilipolazwa, miaka thelathini ya kazi ya mtu mmoja. Moja lilipita chini ya chumba chetu. Nilijikuta nimeinua miguu. Fundi redio alivua kofia.

"Huyu mtu alikuwa anakaa hapa na sisi anakunywa chai," alinong'ona, "na hakutuambia kitu."

Binti aliivuta karibu wodi ya wazazi kwenye ramani. Koki ilikuwepo, hatua nne kutoka ukuta wa chumba cha kufulia. Pembeni yake baba ameandika, na tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, alipokuwa mzima kabisa: "Hii ngumu. Ilinishinda. Binti yangu ataiweza."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili.

"Mimi alikuwa ananigombeza tu," alisema. "Kila siku. Shangazi, hajawahi kuniambia hivi."

Tulikwenda naye wote watano, na majembe ya kuazima. Tulichimba, tukaipata, imeganda kwa kutu. Aliingia shimoni na spana, akaikaba, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mara ya tatu ikalia, ikazunguka. Sauti ya maji chini ya wodi ikanyamaza.

Sisi tulipiga makofi kama wehu. Yeye hakututazama. Aliweka kiganja juu ya ile koki, akaiambia taratibu, "Nimeiweza, baba."