Fyekeo Lenye Kiti

Hapa Ihanda, asiyewahi kukalia mashine ya Andongwisye ya kukatia majani ni mgeni. Aliuziwa na binamu yake aliyeoa ng'ambo ya Tunduma, na tangu iingie, uani kwake hapakauki watu. Ina kiti, ina usukani, ina taa mbili. Kazi moja tu ilikuwa haijafanya: kukata majani.

Mkewe, Jenista, alichoka kuwapikia chai watazamaji.

"Baba Eva, Jumamosi ijayo kwaya za kata nzima zinakuja kanisani. Ikifyeka uwanja, ibaki. Isipofyeka, tunabadilishana na ng'ombe wa mzee Lusubilo. Ng'ombe nitamkamua maziwa. Hii nitaikamua nini?"

"Oili," akajibu Andongwisye. Watu wakacheka.

Wiki nzima akawa muuguzi. Alibadili oili, akapaka grisi, akasafisha chujio la hewa, usiku akaifunika shuka la Jenista la wageni. Alipofungua kisu ili akinoe, akaona ajabu: ncha zake zimepinda kwenda juu. Tangu darasa la kwanza, alipokuwa akibeba fyekeo kwenda shule, hajapata kuona fyekeo linalotazama mbinguni.

"Wamefunga vibaya, hawa!" Akakigeuza, akakaza nati mpaka meno yakauma.

Jumamosi asubuhi majani yamefika magotini na watu wamejaa pomoni. Lusubilo, mzee wa kanisa, akaja na ng'ombe kabisa, ameogeshwa kama bibi harusi.

"Mzee, huyo naye anaimba sauti ya ngapi?" mwanakwaya mmoja akamuuliza.

"Ya pili. Na leo anahama."

Mashine ikanguruma, vigelegele juu. Andongwisye akazunguka uwanja kifua mbele. Mbele yake majani yaliinama kwa adabu, mashine ikapita, yakainuka tena kama waumini baada ya "Amina". Pembeni, ng'ombe alishasafisha kipande kizima.

"Hadi sasa ng'ombe anaongoza!" mtu akatangaza.

Raundi ya pili, vilevile. Jenista aling'ata khanga asicheke. Lusubilo akanyoosha kamba: "Mama Eva, pokea mali yako."

Ndipo Frida, mdogo wake Jenista, mwenye mashine ya kusaga, akapiga kelele: "Shemeji, zima!" Akalala chali, akachungulia chini, akaibuka na majani kichwani. "Nani kageuza kisu?"

"Kilikuwa kimepinda juu!"

"Ndivyo kinavyokaa! Kinavuta upepo, majani yasimame, ndipo kiyakate. Sasa makali yako yanatazama nyuma. Unayachana tu, shemeji."

"Kumbe tuko saluni!" mtu akadakia.

Spana ikaletwa, kisu kikarudi kilivyokuwa. Raundi ya tatu majani yaliruka kama mvua, yakawaangukia waimbaji wa sauti ya kwanza na sare zao mpya. Andongwisye aliachia usukani akapunga mikono yote miwili, akaponea chupuchupu kuugonga mlingoti wa kengele.

Harufu ya majani mabichi ikamchanganya ng'ombe. Akamponyoka Lusubilo, akaifuata mashine raundi baada ya raundi, akila, Lusubilo nyuma yake akihema. Uwanja ulipoisha na Andongwisye akaendesha kwenda kwake, ng'ombe naye huyoo, hadi uani. Kuvutwa, hataki.

"Mwache, mzee," Jenista akasema, tayari ameshika ndoo. "Mashine imeshinda, inabaki. Huyu kaja mwenyewe kutembea. Njoo kesho umchukue."

"Na kesho akikataa?"

Jenista akamtazama mumewe, aliyekuwa akiitandikia mashine shuka.

"Baba Eva, kesho unakata wapi?"