Gundi Sebuleni kwa Mama Mdogo

Nyumbani walimwita Mpelelezi. Alikuwa mkaguzi wa kampuni kubwa ya viatu, na kazi yake ilikuwa kuzungukia viwanda vinavyoiuzia kampuni hiyo, ahakikishe wafanyakazi hawapunjwi wala hawaumizwi. Hata kwenye shughuli za familia hakuacha kuchungulia mitungi ya gesi.

Jumamosi moja alikwenda kumjulia hali mama yake mdogo, aliyekuwa akilalamikia kichwa. Mlango ulipofunguliwa tu, harufu kali ya gundi ikampiga puani. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na pale katikati mama mdogo na majirani wawili walikaa chini wakibandika soli za ndani za viatu. Kila soli ilikuwa na nembo ya kampuni ya Mpelelezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila angalia unapokanyaga, hazijakauka."

"Mbona madirisha yamefungwa?"

"Vumbi likiingia gundi haishiki. Kiwandani wanaturudishia."

"Kiwanda gani?"

Mama mdogo akakitaja. Mpelelezi akahisi uso unawaka moto. Ni yeye aliyekipitisha kiwanda hicho, baada ya meneja kumwapia kwamba hakuna kazi inayotoka nje ya geti.

"Usiniangalie hivyo," mama mdogo alisema. "Ukiifunga kazi hii tutakula nini, hewa?"

"Hewa yenyewe ya humu hailiki, mama."

Majirani wakaangua kicheko. Mama mdogo naye akacheka kidogo, halafu akajishika kipaji cha uso.

Jumatatu Mpelelezi alimweleza bosi wake yote, pamoja na kwamba mmoja wa wanawake wale ni mama yake mdogo. Bosi akataka mkataba uvunjwe siku hiyohiyo.

"Tukiondoka, gundi itabaki palepale sebuleni," Mpelelezi alisema. "Itabadilika nembo tu."

Bosi aliguna. Mwishowe alikubali kiwanda kipewe nafasi, kwa sharti kwamba wanawake wale waajiriwe na kulipwa sawa na wenzao, na gundi isitumike tena nyumbani kwa mtu. Ufuatiliaji akapewa mkaguzi mwingine, ili undugu usiingilie kazi.

Kiwanda kilisuasua kutafuta ukumbi wa kufanyia kazi hiyo. Wakati huo wote wanawake walikaa bila kazi, na mama mdogo hakupokea simu za Mpelelezi. Kila simu ilipoita bure, alijiuliza kama amefanya jema au amemharibia mama yake mdogo riziki.

Hatimaye ukumbi ulipatikana, una madirisha mapana na feni. Wiki chache baadaye mama mdogo akapiga simu mwenyewe.

"Kichwa kimeniacha," alisema. "Ila huyo msimamizi wa ukumbini anaongea kuliko redio."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Bado nalifikiria."

"Mpaka lini, mama?"

"Wewe njoo Jumapili. Nitakuwa nimemaliza."