Kikao cha Alasiri

Kaka yangu alipofariki, mashine yake iliendelea na kazi. Hilo tulikubaliana. Mfumo wetu wa kujengea tovuti ni programu huria: yeyote anauchukua, anautumia na kuurekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Tunaoutunza ni watu wa kujitolea, tumetawanyika huku na huko, na wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Lakini kasi yake hupimwa mahali pamoja tu, kwenye kompyuta iliyo katika chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka. Mizani ikiwa moja, ubishi unakwisha. Toleo jipya likionekana zito kuliko lililotangulia, halitoki mpaka kilicholiongezea uzito kiondolewe. Sheria hiyo aliitunga kaka mwenyewe, na hakutaka kusikia habari za kumpendelea mtu.

Sasa sheria hiyo ilikuwa inamgeukia yeye.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa njia ya kuandaa ukurasa kabla msomaji hajauomba. Aliimalizia hospitalini, kompyuta ndogo ikiwa juu ya mto. Katika toleo tulilokuwa tukilipanga, hakukuwa na kitu kingine kipya cha maana. Tangu tumzike tumekuwa tukiipima kila siku kupitia mtandao, na kila siku mashine yake mwenyewe ilijibu kwamba ni nzito.

Anayepanga matoleo yetu tunamwita Mama Ratiba, maana tarehe akishaitaja haisogei. Asubuhi ile alinipigia simu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Sema tu, usinizungushe.”

“Jioni nafunga toleo. Kazi ya marehemu naiondoa.”

“Iweke kando basi, iingie toleo lijalo.”

“Babu, aliyeielewa ndiye tuliyemzika. Wenzetu wameanza kujenga juu ya njia ya zamani. Ikiondoka leo, ndiyo imeondoka.”

Nikamwambia nililolificha siku mbili tatu. “Nimelipima upya toleo la mwaka jana. Lile lile, hakuna aliyeligusa hata herufi. Nalo limekuwa zito.”

“Unanitisha.”

“Hata mimi nimejitisha. Magoti yangu huzeeka yakiwa yamekaa tu, lakini programu haizeeki. Tumekuwa tukilinganisha vipimo vya leo na vile vya alipokuwa hai. Hakuna aliyewaza kwamba mizani yenyewe imebadilika.”

“Basi mgonjwa ni mashine. Nenda ukaitazame. Ukiniletea kipimo safi kabla sijafunga, inaingia. Usiponiletea, usije ukaninunia.”

Nilifika baada ya adhuhuri. Tangu matanga yaishe nilikuwa sijakanyaga pale. Shemeji yangu, mjane wa kaka, alifungua mlango nusu.

“Leo jua limetokea wapi?”

“Nimekuja kuitazama mashine, shemeji.”

“Mashine. Na mimi nipo tu, kama kabati.” Lakini alinipisha.

Chumba cha nyuma kilikuwa vilevile. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya shati kuukuu, pazia limevutwa nusu ili jua lisipige kioo, na mto wa kiti chake bado ulikuwa umebonyea upande mmoja, upande wa mguu uliokuwa ukimsumbua. Hapakuwa na vumbi. Skrini ilikuwa imezimika, na feni ya kompyuta ilikuwa ikipumua polepole. Nikavuta kiti nikae.

“Usikae hapo,” shemeji akasema. “Saa zake zimekaribia.”

“Saa za nani?”

Alileta kigoda kutoka jikoni, akanipa, yeye akasimama ukutani. Ndipo nikaona alama ya bega lake kwenye rangi ya ukuta. Alikuwa amezoea kusimama pale.

Skrini ikawaka yenyewe.

Feni ikapanda mpaka ikaanza kuvuma. Taa ndogo ya kamera ikageuka kijani, na katika skrini tukaona chumba kilekile, pazia lilelile, na kiti kitupu katikati. Chini yake yaliandikwa maneno: “Anasubiriwa: Mdogo wangu.”

Nywele zilinisimama, ingawa nilikwisha kuelewa. Kila alasiri mimi na kaka tulikuwa na kikao cha mbali cha kupanga matoleo, yeye kwake na mimi kwangu. Kwa kuwa alikuwa msahaulifu, aliitega mashine ifungue kikao yenyewe, iwashe kamera, irekodi, na ingoje mpaka niingie. Alipokuwa hai vipimo vilifanyika asubuhi, kwa hiyo havikugongana na kikao. Baada ya mazishi Mama Ratiba alivihamishia alasiri, ili wenye ajira wapate nafasi ya kuleta kazi zao kabla. Mimi sikuingia tena katika kikao kile. Ningeingia kuongea na nani? Na mashine ilikuwa ikiningoja mpaka magharibi, ikitumia nguvu zake kupiga picha ya kiti.

“Kila siku anakuita,” shemeji akasema. “Wewe huji.”

“Si yeye, shemeji. Ni saa iliyotegwa.”

“Najua ni saa, mimi si mtoto. Aliyeitega ni nani?”

Nikamweleza mambo yalivyo: mwito huu ndio unaoielemea mashine, na mashine ndiyo inayosema kazi yake ni nzito. Tukiufuta, kipimo kitasema kweli. Tukiuacha, jioni kazi ya kaka inatupwa.

“Kwa hiyo anavyokuita ndivyo anavyojiharibia.”

“Ndivyo.”

“Na akinyamaza?”

“Kazi yake itatumiwa na watu ambao hawakuwahi hata kusikia jina lake.”

Alikitazama kile kiti, si kilicho katika skrini bali chenyewe. Kisha akanyoosha kidole kwenye simu yangu. “Muitikie kwanza. Hazimwi mtu kabla hajaitikiwa.”

Nikaingia kikaoni kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Uso wangu ukatokea kando ya kiti kitupu. Maneno ya chini yakabadilika: “Mdogo wangu ameingia.”

“Sema kitu,” shemeji akanong’ona.

“Kaka, shikamoo.”

Spika ya mashine ikakawia, halafu ikatoa sauti: “Kaka, shikamoo.” Ilikuwa yangu, lakini imerudi nzito na iliyochoka, kama iliyotoka kwa mtu aliyenizidi umri. Hakuna aliyesema marahaba. Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa ukingo wa kanga.

Alipoushusha, alikuja mezani akakishika kipanya mwenyewe. “Wapi?”

Nikamwonyesha. Akabofya. Mashine ikauliza kama ana hakika, naye akasema “ndiyo” kwa sauti, kana kwamba inamsikia, akabofya tena. Taa ya kijani ikazimika. Feni ikashuka, ikashuka, mpaka tukaanza kusikia maji yakidondoka jikoni.

Nilipima toleo la mwaka jana, likarudi kwenye wepesi wake wa zamani. Nikapima lenye kazi ya kaka. Lilikuwa jepesi zaidi, na si kwa kidogo. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Nikampelekea Mama Ratiba vipimo vyote pamoja na maelezo, na haukupita muda akajibu: “Imeingia. Babu, mwambie kaka yako amenitoa jasho.”

Nikamsomea shemeji. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia.

“Kesho saa hizi nitakuwa wapi mimi?”

“Nitakuja, shemeji. Kila—”

“Nyamaza!” Alinishika mkono, akanivuta kuelekea mlangoni. “Usiahidi humu ndani, mashine isije ikaanza kukungoja tena. Toka nje kwanza.”

Nikatoka mpaka uani, naye akaufunga mlango wa chumba nyuma yetu. Hapo ndipo nikamwahidi, kwa sauti ya chini, kwamba nitakuja kila alasiri.